Bobby Jones na fimbo iliyomsumbua

Nilikuwa namtafuta Jeanie Deans. Wenzangu wanaosoma fasihi ya Kiingereza wanamjua: ni yule binti katika riwaya ya Walter Scott ya mwaka 1818, The Heart of Midlothian, aliyekataa kusema uongo mahakamani hata kama uongo huo ungemwokoa mdogo wake na kitanzi. Nilipaswa kuandaa wasilisho fupi juu yake. Katika kupekua nikalikuta jina lake mahali nisipopategemea kabisa. Lilikuwa jina la fimbo ya gofu. Mwenye fimbo alikuwa mwanasheria wa Atlanta, Marekani, aitwaye Robert Tyre Jones, ambaye watu wa mchezo huo walimwita Bobby. Wasilisho nililitoa, maksi nikazipata, lakini yule mtu wa fimbo hakunitoka kichwani.

Nikiri mapema: sijawahi kucheza gofu. Hapa Lubumbashi tuna mtaa mzima unaoitwa Golf, na wengi wanaokaa humo, au wanaoupita kila siku kwa taxi, hawajaona hata siku moja ule mpira mdogo mweupe ukiruka. Mimi ni mmoja wao. Lakini mambo ya mipini nayajua kidogo, kwa sababu baba yangu ni seremala, na mvua zinapokaribia watu wa Katuba humletea majembe yasiyo na mipini. Nimemwona akichukua mti mmoja, akiupima mkononi, akiurudisha, akichukua mwingine unaofanana na wa kwanza kama pacha, na huo ndio anauchonga. Ukimwuliza kwa nini, anasema ule wa kwanza ulikuwa haujatulia. Neno hilo, kutulia, ndilo lililonifanya nimwelewe Jones kabla sijaelewa sheria za mchezo wake.

Jones alizaliwa Atlanta, katika jimbo la Georgia, tarehe 17 Machi 1902. Alikuwa mtoto wa kuugua mara kwa mara, mwenye tumbo lililokataa vyakula vingi, na wazazi wake waliogopa kumpoteza. Jina alirithi la babu yake, tajiri wa kiwanda cha nguo ambaye aliona michezo kuwa kupoteza wakati. Baba yake alikuwa mwanasheria, na yeye aliipenda sana. Kwa ajili ya hewa nzuri familia ilizoea kukaa msimu wa joto kando ya uwanja wa gofu wa East Lake, nje ya mji, na mtoto akapewa fimbo ya mtu mzima iliyokatwa ili ilingane na kimo chake. Mwaka 1908 alifika pale fundi Mskoti, Stewart Maiden, mzaliwa wa Carnoustie. Maiden hakuwa mtu wa maneno mengi. Mtoto naye hakuomba masomo. Alimfuata nyuma uwanjani, shimo baada ya shimo, akamtazama anavyosimama na anavyozungusha mabega, kisha akarudi peke yake kufanya vile vile. Hakuna aliyempa kanuni. Alijifunza kupiga mpira kama sisi tulivyojifunza kusema kwamba mtoto analia na mti unaanguka, miaka mingi kabla mwalimu hajaandika ubaoni neno ngeli.

Ujana wake nitaupita haraka, maana umesimuliwa mno. Mwaka 1916, akiwa na miaka 14, alicheza mashindano ya taifa ya wachezaji wa ridhaa huko Merion, Pennsylvania, na watu wakamshangaa. Kisha ikafuata miaka saba ya kushindwa. Kipaji kilikuwapo, hasira pia. Alitupa fimbo, alitukana, na mwaka 1921 huko St Andrews, Scotland, kwenye uwanja ambao wachezaji wanauheshimu kuliko wote, mchanga ulimshinda katika shimo la 11 akaacha kuhesabu mapigo yake na kujitoa mashindanoni. Aibu hiyo aliibeba muda mrefu. Ushindi wa kwanza mkubwa ulikuja mwaka 1923, kwenye mashindano ya wazi ya Marekani huko Inwood, New York.

Kinachostahili kutajwa katika miaka hiyo, na ambacho waandishi wa michezo hukipa mstari mmoja tu, ni masomo yake. Mwaka 1922 alimaliza uhandisi wa mitambo katika chuo cha Georgia Tech. Mwaka 1924 akapata shahada ya fasihi ya Kiingereza Harvard. Huko hakuruhusiwa kuichezea timu ya gofu, kwa kuwa alikwisha kukichezea chuo chake cha kwanza, basi akafanywa msaidizi wa meneja wa timu, yeye ambaye wakati huo alikuwa bingwa wa taifa. Baadaye akasoma sheria katika chuo cha Emory, akafaulu mtihani wa uwakili kabla ya kumaliza masomo, akaacha masomo akaenda kazini. Mhandisi, msomaji wa riwaya, mwanasheria. Nawaomba wasomaji waweke watu hawa watatu akilini, maana wote watatu watahitajika.

Sasa nije kwenye fimbo zenyewe. Fimbo ya gofu ina sehemu tatu: kichwa kinachougonga mpira, mpini, na kishikio. Siku za Jones mpini ulikuwa wa mti wa hikori, mti mgumu wa misitu ya Amerika ya Kaskazini. Hikori hupinda bila kuvunjika, lakini pia hujisokota. Mchezaji anapozungusha fimbo kwa nguvu, kichwa hubaki nyuma kidogo, mpini hujipinda na kujisokota, kisha hurudi. Ukipiga kabla haujarudi, mpira unakwenda kando. Ukichelewa, unakwenda upande wa pili. Na hakuna mipini miwili ya mti inayorudi kwa mwendo mmoja, hata kama imekatwa kutoka gogo moja. Fundi alipiga randa, akakwangua kwa kipande cha kioo, akapiga msasa, akaupinda mpini juu ya goti, akakwangua tena. Alipomaliza, hakuwa na nambari ya kumwambia mnunuzi. Alimpa fimbo aitikise.

Kwa hiyo seti ya fimbo haikununuliwa kama tunavyonunua seti ya sahani. Ilikusanywa. Jones alizikusanya zake moja moja kwa miaka mingi, kutoka kwa mafundi mbalimbali wa Uskoti na Marekani, na nyingi alizishika akazirudisha. Zile alizozikubali zilitofautiana kwa urefu, kwa uzito na kwa kazi. Kitu kimoja tu kiliziunganisha: zote, mkononi mwake, zilisema lugha moja. Alipotoka kwenye fimbo ndefu kwenda kwenye fupi hakulazimika kubadilisha mwendo wake. Mwendo wake ulikuwa wa polepole, wa kulegea, kiasi kwamba waliomwona walidhani hatumii nguvu. Mtu mwenye mwendo huo hawezi kuvumilia fimbo inayomharakisha.

Mbili kati ya fimbo hizo zilikuwa na majina ya wanawake. Ya kwanza ni ile ya kusukumia mpira shimoni, Calamity Jane, jina la mwanamke maarufu wa Magharibi ya Marekani katika karne ya 19. Alipewa mwaka 1923, muda mfupi kabla ya Inwood, na Jimmy Maiden, ndugu yake Stewart, ambaye alifanya kazi Long Island. Ilikuwa fimbo ya zamani, fupi, chini kidogo ya sentimita 86, yenye uso uliolala nyuma nyuzi 8, wakati fimbo nyingi za leo za kazi hiyo zina nusu ya hapo au pungufu. Mpini wake ulikuwa umefungwa nyuzi mahali patatu. Ukiitazama kwenye picha unaona kitu ambacho ungeweza kuokota nyuma ya duka la fundi vyuma. Aliposukuma nayo mara ya kwanza, mpira ulikwenda alikotaka, na ubishi ukaisha. Uso wake ulipochakaa kwa kusuguliwa sana akatengenezewa nakala, na ni nakala hiyo iliyofanya kazi katika miaka yake ya mwisho ya mashindano. Hapo kuna jambo la kufikiria: mtu wa kuhisi tu alikubali nakala, mradi nakala iwe imepimwa kwa uangalifu kutoka kwenye ile ya asili.

Ya pili ni Jeanie Deans, fimbo yake ya pigo la kwanza, kazi ya fundi Jack White, aliyekuwa bingwa wa mashindano ya wazi ya Uingereza mwaka 1904. Jina hili alilitoa msomaji wa Scott. Katika riwaya, mdogo wake Jeanie, Effie, anashitakiwa kwa kuua kitoto chake. Sheria ya wakati ule ilimhesabu mwanamke kuwa na hatia ikiwa alificha mimba na mtoto hakuonekana. Ingetosha Jeanie aseme kwamba Effie alimwambia. Effie hakumwambia. Jeanie hasemi. Kisha anatembea kwa miguu kutoka Edinburgh hadi London kumwombea mdogo wake msamaha kwa malkia, na anaupata.

Sijui msomaji gani wa riwaya hiyo angesoma habari za mwaka 1925 bila kushtuka. Ilikuwa mashindano ya wazi ya Marekani, Worcester, Massachusetts. Katika raundi ya kwanza, shimo la 11, mpira wa Jones ulilala kwenye majani marefu. Alipoiweka fimbo nyuma yake, majani yakasogea, na mpira nao ukasogea. Hakuna aliyeuona ila yeye. Aliwaambia wasimamizi, wao wakaulizana, hakuna shahidi. Wakamwachia uamuzi. Akajiongezea pigo moja. Baada ya raundi nne alikuwa sawa na Willie Macfarlane, kila mmoja mapigo 291. Walirudia mashimo 18, wakafungana tena, 75 kwa 75. Wakarudia mengine 18, na Macfarlane akashinda kwa 72 dhidi ya 73. Pigo moja. Watu walipomsifu Jones alikasirika, maana kwake ilikuwa kama kumsifu mtu kwa sababu hakuiba benki. Wengi husimulia kisa hiki kama habari ya uaminifu, na ni kweli. Mimi naona pia habari ya mikono. Mpira ulisogea kiasi ambacho macho ya watu waliosimama pale hayakukiona. Mtu huyo alikuwa na mawasiliano na chuma na majani ambayo sisi wengine hatuna, na hakujiruhusu kuyakana yalipotoa ushahidi dhidi yake.

Kati ya 1923 na 1930 alishinda mashindano makubwa 13 kwa hesabu ya wakati ule, bila kulipwa, huku akifanya kazi ya ofisi. Mwaka 1930 ndio kilele: katika majira mamoja alitwaa ya ridhaa ya Uingereza huko St Andrews, ya wazi ya Uingereza huko Hoylake, ya wazi ya Marekani huko Interlachen, na ya ridhaa ya Marekani huko Merion, pale pale alipoanzia akiwa na miaka 14. Baada ya hapo akastaafu. Alikuwa na miaka 28. Mashindano yalimtesa, wakati wa kucheza alishindwa kula, na uzito wake ulishuka kwa wiki moja kama wa mgonjwa. Na yote manne aliyashinda kwa mipini ya mti, ingawa Marekani iliruhusu mipini ya chuma tangu 1924 na Uingereza tangu 1929.

Hapa ndipo yule mhandisi anaporudi. Alipoacha mashindano aliingia mkataba na kampuni ya Spalding kutengeneza fimbo zenye jina lake, na zilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1930, zikiwa na mipini ya chuma iliyovikwa rangi ya manjano ya mti ili macho ya wazee yasichukie. Alifanya kazi hiyo pamoja na mchoraji wa fimbo wa kampuni, Victor East, mtu aliyetoka Australia. Tatizo lao lilikuwa gumu na zuri. Mnunuzi wa dukani hana miaka kumi ya kukusanya fimbo moja moja. Anataka seti nzima leo, na seti hiyo lazima isikike mkononi kama ile ya Jones. Basi kile ambacho mikono ya mtu mmoja ilikijua bila maneno kilipaswa kuandikwa kwa vipimo, ili mfanyakazi wa kiwandani ambaye hajawahi kumwona Jones akifuate.

Vipimo viwili vinatosha kwa maelezo yetu. Cha kwanza ni mizani ambayo fimbo hulazwa juu ya ukingo, kama sentimita 35 kutoka mwisho wa kishikio, kisha hupimwa kichwa kinavuta chini kwa kiasi gani. Si uzito wa fimbo nzima. Ni uzito unaousikia unapoizungusha. Kuna fimbo nzito inayozunguka kirahisi, na fimbo nyepesi inayokuvuta mikono. Cha pili kilienea baadaye: kishikio hubanwa kwenye jiliwa, kichwa huvutwa na kuachiwa, na huhesabiwa mpini unatikisika mara ngapi kwa dakika. Mpini mgumu hutikisika mara nyingi, laini mara chache. Ukipanga seti, hesabu hizo zinapaswa kupanda kwa utaratibu kadiri fimbo zinavyokuwa fupi.

Na sasa kile kisa. Wachezaji wa gofu hukisimulia kama sisi tunavyosimulia habari za sungura, kila mmoja na namna yake. Mmoja anasema kipimo kilikuwa mizani, mwingine anasema ilikuwa kuhesabu mitikisiko. Lakini kiini ni kimoja. Fimbo za zamani za Jones, zile za mti alizozichagua kwa mkono tu, zilipopimwa, zilionekana kulingana kana kwamba zimetoka kwenye mashine moja. Zote isipokuwa moja. Hiyo moja, inayolingana na nambari 8 ya leo, ilikuwa nje ya mstari. Jones alipoambiwa, alikumbuka kwamba fimbo hiyo ilimsumbua siku zote.

Watu hukisimulia kisa hiki ili kusifu mikono. Mimi nilipokisoma mara ya kwanza nami nilishangilia, kwa sababu zangu. Mwalimu mmoja wa sekondari aliwahi kuniambia mbele ya darasa kwamba Kiswahili changu ni cha sokoni, na kwamba mtu asiyejua kanuni hajui lugha. Nikadhani Jones amenijibia. Tazama, nilisema, kanuni imekuja nyuma na kukuta sikio limekwisha kumaliza kazi.

Lakini nilipokisoma mara ya pili niliona nilikuwa nimeiruka ile fimbo ya nane. Kwa miaka mingi mtu mwenye mikono bora kuliko wote alipiga vibaya kwa fimbo moja, alijua kwamba anapiga vibaya, na hakujua kwamba kosa ni la fimbo. Alijilaumu mwenyewe. Mkono ulimwambia kuna kitu hakijatulia. Haukumwambia kiko wapi. Hata yeye, aliyesomea uhandisi, hakufikiria kuipeleka kwenye mizani. Kila mwanafunzi wa kitivo hiki anajua hali hiyo. Unaandika sentensi, unaisoma kwa sauti, inachechemea. Unabadilisha neno la mwisho, bado. Unajiona mjinga. Halafu rafiki anayejua sarufi anaweka kidole kwenye kiambishi kimoja katikati, na sentensi inasimama. Hakukufundisha kuisikia. Kuchechemea ulikusikia kabla yake. Alikuonyesha mahali tu, na mahali hapo usingepaona peke yako mpaka kesho.

Mafundi wazuri wa siku hizi, wanaomtengenezea mchezaji fimbo zake, wanalijua jambo hili. Wana kamera na rada, wana nambari nyingi kuliko anazoweza kuzisoma mtu kwa siku moja. Mchezaji anayetegemea kuhisi akionyeshwa nambari mapema huanza kucheza na nambari badala ya mpira. Kwa hiyo fundi humpa fimbo kadhaa bila kumwambia zinatofautiana nini, humwacha apige, humsikiliza anavyozitaja, hii nzito, hii inachelewa, hii imekufa, na yeye kimya hulinganisha maneno hayo na vipimo vyake. Kazi yake kubwa ni ya mkalimani. Mchezaji akisema imekufa, fundi lazima ajue kama tatizo ni uzito wa kichwa, ugumu wa mpini, au unene wa kishikio tu.

Siwezi kumwacha Jones aonekane malaika. Pamoja na Clifford Roberts alianzisha uwanja wa Augusta National katika jimbo lake la Georgia, na mashindano yake, yanayoitwa leo Masters, yalianza mwaka 1934. Hapo watu weusi walibeba mifuko ya fimbo. Mchezaji mweusi wa kwanza, Lee Elder, alialikwa kucheza mwaka 1975, na mwanachama mweusi wa kwanza aliingia mwaka 1990. Jones alikuwa amekwisha kufariki, lakini miaka yake yote pale alikaa na utaratibu huo. Mtu aliyesikia majani yakisogea chini ya mpira hakulisikia hilo, au alilisikia akanyamaza. Sisi tunaosoma Lubumbashi, mji uliopangwa na wakoloni kwa mpaka kati ya mtaa wa Wazungu na cité ya Waafrika, hatuhitaji maelezo marefu.

Vita vya pili vya dunia vilimpata mtu mzima mwenye familia. Alijiunga na jeshi la anga la nchi yake na kufika Ulaya. Aliporudi, mwili ulianza kumgeuka. Mwaka 1948 alicheza gofu kwa mara ya mwisho, na mwaka huo huo akapasuliwa shingo. Haikusaidia. Mwaka 1956 madaktari wa New York waliupa ugonjwa jina: sirinjomielia. Ndani ya uti wa mgongo hufanyika uwazi wenye majimaji, nao hukua polepole na kuharibu mishipa ya fahamu. Kwa kawaida kinachoanza kupotea ni hisi ya maumivu na ya joto mikononi. Mgonjwa anaweza kuungua asijue mpaka aone. Kisha nguvu za vidole zinakwisha, kisha za miguu. Jones alitumia mkwaju mmoja, halafu miwili, halafu vyuma vya miguuni, na mwishowe kiti cha magurudumu. Akili yake haikuguswa.

Nilipofika hapo katika kusoma nilifunga kitabu kwa muda. Kuna magonjwa mengi duniani, na kati ya yote huo ndio uliomwangukia mtu huyu.

Mwaka 1958 mji wa St Andrews, ule ule alikojitoa kwa hasira mwaka 1921, ulimpa heshima ya uraia wake. Mmarekani wa mwisho kupewa kabla yake alikuwa Benjamin Franklin, mwaka 1759. Alikwenda kuipokea akitembea kwa taabu, na alipotoka ukumbini watu walimwimbia. Mwaka 1960 alitoa kitabu chake Golf Is My Game, ambamo mhandisi, msomaji na mwanasheria wanasikika wote watatu: sentensi fupi, zilizopimwa, zisizojisifu. Aliendelea kujibu barua hadi karibu na mwisho. Vidole vilipokuwa haviwezi tena kushika kalamu nyembamba, inasimuliwa kwamba kalamu ilichomekwa ndani ya mpira, naye akaushika mpira wote kwa kiganja na kutia sahihi hivyo. Nilimweleza baba yangu jambo hilo alipokuwa akipiga msasa mpini. Hakusema kitu juu ya gofu. Aliuliza mpira ulikuwa na ukubwa gani.

Bobby Jones alifariki Atlanta tarehe 18 Desemba 1971. Habari ilipofika St Andrews, wachezaji waliokuwa uwanjani walisimama na bendera ikashushwa nusu mlingoti. Calamity Jane ya asili iko Augusta, na nakala yake iko katika jumba la makumbusho la shirikisho la gofu la Marekani, huko New Jersey.